Ofisi Isiyokuwa na Benchi

Mgeni yule hakubisha hodi. Aliingia chumbani kwangu Jumatatu asubuhi nikiwa nimeshika pasi ya mkaa, akapita kati ya kitanda na ndoo kama mtu aliyeitwa kuzima moto, akasimama mbele ya meza yangu ya kazi na kuinua kiganja.

"Tafadhali usinisemeshe kwanza," alisema. "Nataka kuona wivu."

Nimelelewa kuheshimu wageni, kwa hiyo nilinyamaza. Alifumba macho, akayafumbua ghafla, akaitazama meza, kisha dirisha, kisha rafu. Aliweka mkono upande wa kulia, chini ya mbavu, akajibonyeza taratibu kama mama anayechagua parachichi sokoni.

"Nyongo sita," alisema, akaandika kwenye daftari. Alikuwa anageuka aondoke, macho yake yakaangukia kopo la rangi nililopandia mrehani pale dirishani. Akashusha pumzi. "Hapana. Sita na nusu. Huo mrehani umenichoma."

Kumbe alikuwa Bwana Mfaume, Mkaguzi Daraja la Pili wa Wizara ya Ofisi, na alikuwa amekosea mlango. Alikuwa anamtafuta jirani yangu Shekue, ambaye ni ofisa wa serikali na ana ofisi ya nyumbani inayotambulika. Mimi si ofisa wa kitu chochote. Jina langu ni Ngwali, nina shahada, na shahada hiyo imekaa ukutani miaka mitatu bila kusumbuliwa na mtu.

"Hii ofisi ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Unafanya nini ndani yake?"

"Nawaandikia watu barua. Nawajazia fomu."

"Na wanakuja?"

"Wanakuja, bwana."

Alitoa kichwa nje, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mbona siwaoni wanaosubiri?"

"Hawasubiri. Akija mtu namwandikia, anakwenda zake."

Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayeambiwa na mgonjwa kwamba hajala tangu mwezi uliopita na anajisikia vizuri tu.

"Kijana," alisema, "pasipo na mtu anayesubiri, hapo si ofisini. Hapo ni mahali tu ambapo mambo yanafanyika."

*

Inafaa nieleze kidogo kuhusu nchi yetu. Silitaji jina lake, si kwa woga, bali kwa kuwa jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati mwaka juzi likafanyiwe maboresho na bado halijarudi.

Tuna Wizara ya Ofisi, na wizara hiyo ina jengo la ghorofa kumi na nne, marumaru chini, vioo pande zote. Ni jengo zuri sana. Lilipokamilika, viongozi walilizunguka mara mbili, wakaona kwamba watu wakianza kuingia na kutoka litachakaa, wakalifunga. Wananchi tunaruhusiwa kulitazama Siku ya Uhuru, kwa zamu, kutoka ng'ambo ya barabara. Wazee wengine hutoa machozi.

Basi maofisa wote wakaamriwa wafanye kazi nyumbani, na kila mmoja ajitengenezee ofisi "maridadi na yenye kufaa kazi". Maneno "yenye kufaa kazi" yalileta ubishi, yakaundiwa kamati. Likabaki neno "maridadi", na hapo likazuka swali la kipimo. Utajuaje kwamba ofisi ya Fulani ni maridadi kuliko ya Fulani? Wataalamu walizunguka nchi saba za nje wakitafuta chombo cha kupimia, wakarudi na masanduku ya manukato. Mwishowe karani mmoja, aliyekuwa anakaribia kustaafu, akasema kuna chombo ambacho kila mtumishi wa umma anacho tayari, hakihitaji umeme wala vipuri, na hakijawahi kudanganya: wivu.

Tangu siku hiyo ofisi zetu zinapimwa kwa nyongo. Mkaguzi anaingia, anaona wivu, anaandika. Nyongo moja ni wivu wa kawaida, kama wa kuona jirani ana ngazi ndefu kuliko yako. Nyongo tano unakosa usingizi. Nyongo kumi haijawahi kufikiwa, ila inasemekana ukiifikia unaanza kumchukia hata mama mzazi wa mwenye ofisi.

Nasema ukweli, mimi naona mpango huu una faida zake. Angalau taifa limekubali kitu kimoja waziwazi.

*

Chuoni nilisomea usanifu wa ndani ya nyumba. Tasnifu yangu ilihusu mwanga wa dirishani na uchovu wa macho ya karani, kurasa mia moja na kumi, na nadhani niliisoma mimi na mtu aliyeitia jalada. Shekue alisoma darasa moja nami. Aliazima daftari zangu zote, akazirudisha zikiwa na alama za vikombe vya chai, tukafanya mtihani, akafaulu. Baadaye mjomba wake akamkumbuka. Sasa yeye ni Ofisa wa Vitu Vilivyochukuliwa kwa Uchunguzi.

Sina kinyongo naye. Tatizo langu ni kiti chake tu.

Ni kiti cha ngozi nyeusi, kinazunguka, kinapanda na kushuka. Kikishuka kinatoa pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeshiba. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo naisikia hiyo pumzi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Nimeshajaribu kuipenda. Nimejiambia kwamba ni rafiki yangu, na furaha yake ni yangu, na kwamba siku moja nchi hii itampa kila kijana kiti. Halafu inakuja tena, fyuuu, na nasikia kitu kinanipanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno.

Siku moja alinikaribisha.

"Kaa uone, Ngwali."

"Asante, nimekaa nyumbani," nilisema. Niliogopa kwamba nikikikalia nitalia.

Ofisi yake ina meza ya kioo ambayo huwezi kuandikia kwa sababu inateleza. Ina pazia zito la rangi ya damu ya mzee, maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila Jumatano, kiyoyozi, na picha ya Mkuu wa Nchi akiwa amekaa kwenye kiti kinachofanana na cha Shekue, isipokuwa hicho kina mikono ya dhahabu. Nje, barazani, kuna mabenchi manne ya kusubiria. Siku zote yamejaa. Watu huja na chakula, wengine wamekwisha kuchumbiana pale. Shekue hawaiti. Akiwaita watapungua, na wakipungua nyongo zitashuka.

Mimi nilijitengenezea kona yangu kwa vitu nilivyopata. Meza ni mlango wa shule iliyobomolewa, nimeupiga randa na kuulaza juu ya matofali, kimo cha sentimita sabini na nne, kinachomfaa mtu wa urefu wangu bila kukunja mgongo. Nimeiweka ili mwanga uingie kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa naandika kwa wa kulia, na kivuli cha mkono kisiangukie karatasi. Rafu ni makreti ya soda. Ukuta nimeupaka chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia, kidogo tu, macho yapate mahali pa kupumzika. Kiti nimekisuka upya kwa ukili. Mrehani unafukuza mbu. Mbele ya meza nimeweka kigoda kirefu ili anayekuja kuandikiwa akae macho yake yawe sawa na yangu.

Sikujua kwamba hiyo ni nyongo sita na nusu. Nilidhani ni meza.

*

Bwana Mfaume hakuondoka haraka. Alikwenda kwa Shekue, akampima, akarudi akiwa na jasho.

"Yeye nyongo sita," alininong'oneza. "Nilifikia saba nilipoona kiti, ila ile meza ilinirudisha chini. Sikiliza, kijana. Alhamisi saa nne asubuhi Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja mtaani kuchagua Ofisi Bora ya Nyumbani ya mwaka. Mshindi anakuwa Msanifu Mkuu wa Ofisi za Taifa."

Sikio langu likawa la moto. "Msanifu? Anasanifu kweli?"

"Anasanifu kweli. Wilaya zote. Naweza kukuingiza kama raia wa mfano. Kanuni inaruhusu, imekosa mtu tu. Lakini lazima uwe na benchi, na watu wasiopungua watano waliosubiri si chini ya saa moja. Hilo halina mjadala. Mheshimiwa huanza na benchi."

Aliponiacha nilisimama katikati ya chumba nikiona nchi nzima. Niliona zahanati zenye madirisha upande unaofaa. Makarani wasioumwa macho. Wazee wakikaa kwenye viti vyenye kimo cha utu. Niliona pia, sitaficha, uso wa Shekue atakapokuja kuomba nisanifu ofisi yake, nami nikimwambia asubiri.

Saa ile ile nilitoa mbao za kitanda changu nikaanza kupiga randa.

*

Jumanne, nikiwa nje na randa, alikuja Bi Siwatu. Kila mtu mtaani anamjua, kwa kuwa ndiye mtunza bomba. Nyumba arobaini zilikuwa zinachota maji kwenye bomba lile, naye alikuwa akipanga zamu na kuamua ugomvi wa ndoo. Wiki kumi na moja kabla ya hapo, watu wa serikali walikuja wakaichukua koki ya bomba kwa uchunguzi. Walisema inasemekana inatoa maji. Tangu siku hiyo bomba lina kizibo cha mti, na akina mama wanatembea mpaka mto ulioko nyuma ya machimbo.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, mwanangu. Unatengeneza nini?"

"Benchi."

"Benchi!" Alilitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekatwa. "Benchi la nini tena? Mimi makalio yangu yameota sugu kwa benchi la huyo mwenzako. Wiki kumi na moja, Ngwali. Nakwenda alfajiri, narudi jioni. Jana ndiyo ametoa kichwa dirishani, akaniambia fomu ya kurudishiwa koki inatolewa Alhamisi saa saba mchana, na dirisha la kuipokea wilayani linafungwa Alhamisi hiyo hiyo saa kumi kamili. Baada ya hapo koki inakuwa mali ya makumbusho."

"Makumbusho?"

"Wamesema ni ya zamani. Si ya zamani, imechafuka tu." Alikaa kwenye kigoda, akavua kandambili moja akasugua kisigino. "Kurasa tisa hiyo fomu. Mimi kusoma sijui, na wilayani kwa mguu ni nusu saa nikikimbia. Nikisubirishwa tena, basi. Nimekwisha. Watu watasema Siwatu ndiye aliyeipoteza."

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Wakati nikiwa chuoni na mama anaumwa, alikuwa akimpelekea ndoo ya kwanza kila asubuhi kabla ya zamu kuanza, na aliyelalamika alimjibu kwamba aje amlalamikie yeye usoni.

"Bi Siwatu," nilisema, "ukiipata tu fomu, njoo moja kwa moja. Kwangu hutasubiri hata dakika moja. Nakuahidi."

"Na hilo benchi?"

"Hilo ni la wageni wa asubuhi. Mchana watakuwa wameshaondoka."

Alicheka. "Haya. Nimelisikia hilo neno 'ahidi' mpaka kwenye redio, lakini kwako nitaliamini."

Jumatano alikuja Shekue. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akiangalia benchi lililokuwa limekamilika. Lilikuwa benchi zuri, lazima niseme. Nililipinda kidogo mgongoni.

"Nasikia umepata sita na nusu," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Hongera." Alilitamka kama mtu anayetema mfupa. Aliusogelea mrehani, akaunusa, akaondoa pua. "Unajua kinachoniudhi kwako, Ngwali? Wakitoka kwako wanacheka. Nawasikia kupitia ukutani. Kwangu wanasinzia tu. Kuna mmoja anakoroma mpaka kiyoyozi hakisikiki."

"Si uwaite ndani."

"Nikiwaita nitawaambia nini? Sijui hizo fomu zinajazwaje. Daftari zako zilikuwa na usanifu tu." Alirudi mlangoni. "Nafasi ile ni yangu. Mjomba ameshanunua suti."

Usiku ule nililala sakafuni, mgongo ukiniuma, nikamwonea wivu kwa suti ya mjomba wake.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi majirani watano walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, nje ya mlango, kwa hisani tu. Mzee Kibwana, fundi viatu, alikuja na mfuko wa njugu. Saa nne ilifika, Mheshimiwa hakufika. Ikafika saa sita. Nilipotaka kuwaandikia majirani shida zao, kwa kuwa wote walikuwa nazo, Bwana Mfaume alinikataza. "Wakihudumiwa wanaharibika," alisema.

Msafara uliingia saa nane na robo. Magari tisa. Kwenye gari la tano alikuwamo Mheshimiwa Waziri wa Ofisi, Dakta Mhandisi Bwenzi, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, na nyuma yake msaidizi wa itifaki, karani wa hotuba, mpiga makofi rasmi na Shekue akiwa na tai. Walikuwa wametoka kwa Shekue. Nyongo saba.

Mheshimiwa alianza na benchi, kama nilivyoambiwa. Alipita mbele ya majirani zangu mmoja mmoja.

"Umesubiri muda gani, mzee?"

"Saa sita na robo, Mheshimiwa," alisema Kibwana.

"Safi sana. Unajisikiaje?"

"Miguu imekufa ganzi."

"Andika hiyo," Mheshimiwa alimwambia karani. Kisha akapanda kizingiti changu na kuhutubia. "Ndugu wananchi! Wapo wanaotubeza. Wanasema serikali yenu haiwapi kitu. Nawauliza, haiwapi kitu? Nani amewapa matumaini ya kesho? Mtu aliyehudumiwa leo, kesho anatumaini nini? Hana! Amemaliza! Lakini anayesubiri, huyo kila siku ana sababu ya kuamka. Benchi ndilo shule yetu ya kwanza ya uzalendo!"

Mpiga makofi akapiga makofi.

Akaingia ndani. Akatazama. Niliona mkono wake ukienda wenyewe chini ya mbavu. Aligusa meza. Alikalia kiti cha ukili, akaweka viwiko juu ya mlango wa shule, na mwanga ukamjia kwa mkono wa kushoto, mweupe, mtulivu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwekea mwanga mahali panapofaa.

"Tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Mfaume, hii ni tisa. Kijana huyu ametengeneza hivi kwa kutumia nini? Kwa takataka?"

"Kwa takataka, Mheshimiwa."

"Inauma." Akainuka, macho yamelowa. "Leteni mkufu wa cheo."

Yule wa itifaki akafungua kisanduku. Ulikuwa mkufu wa shaba, na kwenye kidani chake kuna mchoro wa mlango uliofungwa. Shekue akageuka ukutani. Mimi nilikuwa nimeshainamisha shingo.

Ndipo niliposikia kandambili.

Bi Siwatu aliingia mbio, kanga imefungwa kiunoni, fomu ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyeokolewa majini. "Ngwali! Kwa Shekue wamechelewa kuitoa. Saa ngapi saa hizi?"

Niliangalia saa ya Bwana Mfaume. Saa nane na dakika arobaini. Nusu saa ya mbio mpaka wilayani. Kurasa tisa haziwezi kupungua dakika arobaini na tano. Zilibaki dakika tano za kupumua.

"Aa, mwananchi!" Mheshimiwa alifurahi. "Vizuri sana. Picha itapendeza. Mama, kaa kwenye benchi usubiri, tunamaliza sherehe, kisha hotuba fupi ya saa moja."

"Mheshimiwa, dirisha linafungwa saa kumi," nilisema.

"Ndiyo uzuri wake. Nataka kuona anavyosubiri kitu kinachofungwa."

Bi Siwatu alinitazama tu, kisha akalitazama benchi, na akaanza kwenda kukaa, taratibu, kama mtu anayejua njia. Hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningevumilia. Lakini alikwenda kukaa bila kushangaa.

Nilizitazama zahanati zangu zenye madirisha mazuri. Nilizitazama kwa sekunde nzima, moja moja. Kisha nikainua shingo kutoka chini ya mkufu.

"Bi Siwatu, karibu kwenye kigoda," nilisema. "Mheshimiwa, samahani, umesimama dirishani. Unanizibia mwanga. Kaa pale kidogo, tafadhali."

Nilionyesha benchi.

*

Sijui kwa nini alikaa. Baadaye gazeti la serikali liliandika kwamba alishikwa na kizunguzungu cha kizalendo. Mimi nadhani aliona kila mtu ameganda, na mahali pekee palipokuwa wazi ni pale kati ya Mzee Kibwana na ukuta. Mpiga makofi alipiga makofi mara moja, akaacha.

Nilizamisha macho kwenye fomu.

"Swali la nne. Je, koki ilikuwa na tabia gani kabla ya kuchukuliwa?"

"Andika ilikuwa mpole," alisema Bi Siwatu. "Ila ukiifungua kwa nguvu inapiga kelele."

"Swali la tisa. Je, kuna mtu mwingine anayefanana na koki hii?"

"Huo si upuuzi, mwanangu?"

"Ni swali, Bi."

"Andika hapana. Au andika Shekue."

Kwenye benchi nilisikia njugu zikipasuka. "Hii mara yako ya kwanza?" Mzee Kibwana alikuwa anamuuliza Mheshimiwa.

"Kufanya nini?"

"Kusubiri."

"Mimi husubiriwa."

"Basi usikae hivyo, utaumia. Kunja mguu mmoja. Huo mwingine. Eeh. Sasa usiangalie mlango, ukiangalia mlango muda haupiti. Angalia kucha. Chukua njugu."

Dakika ishirini zikapita. Karani wa hotuba alikuwa anaandika kila dakika. Madereva walisogea, wakamwona bosi wao kwenye benchi, wakaenda kutafuta ukuta wa kuchekea. Ukurasa wa saba ulitaka jina la babu wa koki. Tuliandika "haikuwahi kusema".

Saa tisa na dakika ishirini na tano Bi Siwatu alibonyeza dole gumba mahali pa sahihi, akaikunja fomu, akasimama. Hakusema asante. Aliniwekea kiganja kichwani, sekunde moja tu, akatoka mbio, na tukasikia kandambili zake zikipotea upande wa wilayani.

"Sasa, Mheshimiwa," nilisema. "Karibu. Nikusaidie nini?"

Alikuja mpaka kwenye kigoda. Nilidhani atanikamata. Lakini kwa kitambo alisimama pale kama mtu aliyesahau alichokifuata dukani. "Yule mama," alisema, "alipita mbele yangu bila kuniangalia. Kama vile alikuwa na mahali pa kwenda." Mkono wake ulikuwa chini ya mbavu, amejibana kabisa. Kisha akawaona watu wake wanamtazama, sauti ikarudi. "Mfaume! Ofisi hii, ngapi?"

"Tisa, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe."

"Sifuri! Mahali ambapo mtu wa mwisho anahudumiwa kwanza si ofisi. Chukueni vitu vyote kwa uchunguzi!"

Walichukua meza, kiti, kigoda, makreti na mrehani. Walikwangua hata kipande cha ukuta wa buluu, wakakitia kwenye bahasha. Mkufu alivalishwa Shekue palepale mlangoni kwangu. Aliuvaa akiangalia viatu vyake. Sasa ndiye Msanifu Mkuu wa Ofisi za Taifa, na nasikia kazi yake ya kwanza ni kuagiza mabenchi elfu sita.

Benchi langu waliliacha. Walisema ndicho kitu pekee halali kilichokuwapo.

Bwana Mfaume alitoka wa mwisho. Alinisogelea kama anayetafuta kalamu yake. "Nimeandika sifuri," alinong'ona. "Lakini nimeona kumi. Nataka ujue tu."

*

Fomu ilipokelewa saa kumi kasoro dakika nne, na Bi Siwatu akarudi na koki mkononi. Ijumaa asubuhi nilisikia kelele za ndoo, na kelele ya koki, ambayo kwa kweli ukiifungua kwa nguvu inapiga ukelele. Juu ya hayo, kupitia ukutani, kiti cha jirani kikatoa pumzi. Fyuuu. Nimejipima kwa uaminifu: nyongo nne. Sina budi kusema ukweli, ziliniuma zote nne, na bado zinaniuma.

Saa tatu nilimwona Mzee Kibwana mlangoni, ana barua ya kiwanja chake ambayo alikuwa nayo mfukoni siku ile yote aliyosubiri. Alitazama chumba kilichokuwa kitupu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, miguu nimeinyoosha chini ya benchi, nimeliingiza ndani mpaka dirishani ili mwanga uingie kwa mkono wa kushoto. Juu yake niliweka karatasi na kalamu. Kimo chake si kizuri, sentimita arobaini na tano tu, lakini mbao hazitingishiki.

"Sasa mimi nisubiri wapi?" aliuliza.

"Hakuna pa kusubiria, mzee," nilisema. "Kaa hapa chini, tuanze."